Taa za Gari Zikizimika: Fuata Njia ya Umeme, Usikisie

Mkulima wa skimu anajua vizuri kwamba kazi ya shamba haikomi jua linapotua. Viazi vilivyochimbwa mchana hupakiwa jioni. Maziwa ya jioni hukamuliwa kiza kikikaribia. Na mgonjwa hangoji mapambazuko ili apelekwe hospitali. Kwa hivyo gari la mkulima, liwe ni pikapu, Land Rover ya zamani au trekta inayovuta trela, hutembea mara nyingi usiku. Gari litembealo usiku bila taa nzuri ni hatari kwa mwenyewe na kwa kila mtu aliye barabarani.

Tutazame jambo lililompata mkulima mmoja wa upande wa Kinangop. Land Rover yake ilizimika taa ya nyuma upande wa kulia. Alinunua glopu mpya, ikawaka siku mbili, ikazimika. Akanunua nyingine, mambo yakawa yale yale. Mtu mmoja akamwambia kwamba betri yake imechoka; akauza magunia kadhaa ya viazi akanunua betri mpya. Taa ikakataa kuwaka.

Jioni moja yenye ukungu alikuwa akirudi na mzigo, na mwanawe amekaa nyuma juu ya magunia, jambo ambalo nalo si zuri. Lori likaja nyuma yao. Dereva wa lori aliona taa moja ndogo nyekundu kandokando ya barabara, akadhani ni pikipiki. Akatoka kidogo tu ili aipite. Alipoona kwamba mbele yake ni gari zima, alikuwa amebakiza hatua chache. Lori lilipita karibu sana hata mtoto angeweza kuligusa kwa mkono. Hakuna aliyeumia.

Kesho yake gari lilipotazamwa kwa utaratibu, ubaya haukuwa kwenye glopu wala kwenye betri. Ulikuwa kwenye bolti moja iliyoshika kutu. Ilisuguliwa kwa msasa kwa muda wa dakika chache, na taa ikawaka.

Jambo hili latufundisha kwamba mtu anayekisia hununua vitu visivyo na ubaya, na ule ubaya wenyewe hubaki pale pale. Anayefuata njia ya umeme kutoka mwanzo hadi mwisho ataupata, na mara nyingi hatatumia pesa nyingi.

UMEME UNAVYOTEMBEA

Umeme wa taa hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi, halafu hufuata waya mpaka kwenye glopu. Hapo hupita ndani ya ule uzi mwembamba wa glopu, uzi huo hupata moto sana na kutoa mwanga. Lakini safari haijaisha. Ni lazima umeme urudi kwenye betri, na kwa kawaida hurudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe, yaani bodi na chesi.

Fikiri habari ya mikebe ya maziwa. Mikebe iliyojaa huenda kwenye kiwanda, na mikebe mitupu hurudi kwa mkulima. Kama mikebe mitupu hairudi, kesho hutakuwa na chombo cha kupelekea maziwa, hata kama ng'ombe wako wamejaza viwele. Umeme ni hivyo hivyo. Njia ya kurudi ikizibwa, taa haiwaki, ijapokuwa betri imejaa na glopu ni mpya.

Watu wengi huitazama njia ya kwenda tu na kuisahau ile ya kurudi. Na katika gari linalopita kwenye tope, mvua na vumbi, njia ya kurudi ndiyo huharibika mara nyingi.

VIFAA VYA KUWA NAVYO

Huhitaji karakana kubwa. Yafaa uwe na bisibisi mbili, koleo, spana za bolti ndogo, kipande cha msasa, kisu cha kumenya waya, utepe wa kufungia waya na grisi kidogo. Weka pia glopu na fyuzi za akiba za namna ile ile iliyo kwenye gari lako. Tena uwe na waya mmoja mrefu wa mita 5, wenye vibanio kwenye ncha zote mbili.

Kifaa kikubwa kuliko vyote ni taa ya kujaribia, nawe waweza kuitengeneza mwenyewe. Chukua glopu ndogo ya volti 12 na wati 5 pamoja na kikombe chake, uifunge nyaya mbili. Waya mmoja uwe na kibanio, na wa pili uwe na ncha kali kama msumari mwembamba. Ukibana waya wa kwanza kwenye chuma safi cha chesi na kugusa kwa ile ncha mahali penye umeme, glopu itawaka. Usipoona mwanga, umeme haukufika hapo. Mwenye mita ya kupimia umeme atajua zaidi, kwa maana mita humwambia ni volti ngapi zimefika, siyo kwamba zimefika tu.

HESABU KWANZA TAA ZILIZOKUFA

Kabla ya kufungua kitu chochote, washa taa zote moja moja na mwenzako azunguke gari akitazama: taa ndogo, taa kubwa na dimu yake, taa za nyuma, taa ya namba, indiketa za pande zote mbili, taa za breki na za kurudi nyuma. Andika zilizokufa. Hesabu hiyo hukuonyesha mahali pa kuanzia.

Ikiwa taa moja tu imekufa, ubaya uko karibu na taa hiyo: ni glopu yake, kikombe chake, waya wake au njia yake ya kurudi. Ikiwa taa za kazi moja zimekufa pande zote mbili, kwa mfano taa zote za breki, tafuta kwenye kitu kinachozihudumia zote, yaani fyuzi au swichi, ingawa glopu mbili zaweza kuungua pasipo mtu kugundua ile ya kwanza. Ikiwa kila kitu kimekufa, hata honi na starta, nenda kwenye betri na vichwa vyake.

Mara nyingi vichwa vya betri hufunikwa na unga mweupe au wa kijani. Visafishe kwa maji moto na magadi kidogo, uvikwangue mpaka ving'ae, uvikaze na kuvipaka grisi. Angalia maji ya magadi yasiingie ndani ya betri.

GLOPU

Itoe glopu uitazame kwenye mwanga. Uzi uliokatika huonekana, na kioo kilichogeuka cheusi ni dalili ya glopu iliyozeeka. Ukiwa na shaka, ijaribu kwenye betri moja kwa moja.

Unaponunua nyingine, soma namba zilizoandikwa kwenye shingo ya ile ya zamani. Glopu ya indiketa kwa kawaida ni ya wati 21. Katika gari nyingi glopu moja ya nyuma hufanya kazi mbili: ina uzi wa wati 5 wa taa ya usiku na uzi wa wati 21 wa breki. Glopu hiyo ina vijino viwili visivyo sawa kimo, ili isiingie kinyume. Ukiisukuma kwa nguvu ikaingia kinyume, taa ya usiku itawaka kwa ukali wa breki, na wa nyuma hatajua ni wakati gani unasimama.

Taa kubwa za gari nyingi hutumia glopu za halojeni zenye wati 60 za mwanga mkubwa na wati 55 za dimu. Kioo cha glopu hizi usikiguse kwa vidole. Mafuta ya mkono hubaki juu yake, na kioo kikipata moto mahali hapo huharibika mapema. Shika sehemu yake ya chuma, au tumia kitambaa safi. Wala usitie glopu ya wati nyingi kuliko zilizokusudiwa ukidhani utaona mbali zaidi. Waya na swichi zitapata moto kupita kiasi, na kikombe cha taa chaweza kuyeyuka.

NJIA YA KURUDI

Sasa tuseme glopu ni nzima, nawe umeijaribu. Bana taa yako ya kujaribia kwenye chesi, na kwa ncha yake gusa kipande cha katikati ya kikombe, mahali umeme unapoingilia, swichi ikiwa imefunguliwa. Taa ya kujaribia ikiwaka, umeme umefika. Kama glopu ya gari haiwaki na huku umeme umefika, basi njia ya kurudi imezibwa.

Hakikisha hivi: chukua ule waya wako mrefu, ubane ncha moja kwenye chuma cha nje cha kikombe cha taa, na nyingine kwenye kichwa cha betri kile kilichofungwa na chesi. Glopu ikiwaka papo hapo, umeupata ubaya. Lakini angalia sana usiguse kile kipande cha katikati kwa waya huo, maana utaunguza fyuzi au waya wenyewe.

Kuna dalili nyingine unayoweza kuiona bila kufungua chochote. Kanyaga breki usiku. Ikiwa taa ya nyuma inafifia badala ya kuongeza mwanga, au indiketa ya upande ule inawaka kidogo bila kuitwa, jua kwamba umeme umekosa njia yake ya kurudi, nao unapita katika nyuzi za glopu nyingine ili ufike nyumbani.

Land Rover za zamani zina shida hii zaidi kwa sababu moja. Chesi yake ni ya chuma, lakini sehemu kubwa ya bodi ni ya aluminiamu. Mahali ambapo bolti ya chuma hukutana na aluminiamu, tope na maji huila ile aluminiamu na kuacha unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mkulima wa Kinangop. Kila alipobadilisha glopu aliitikisa taa, chuma kikagusana kidogo, taa ikawaka siku mbili. Barabara ilipoitikisa tena, ikazimika.

Dawa yake ni kufungua bolti, kusugua pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kutia washa safi, kukaza na kupaka grisi juu ili maji yasiingie tena. Mahali penye kutu sana, ni vema kufunga waya mpya kutoka kwenye kikombe cha taa hadi kwenye chesi. Kazi hiyo ni ya mara moja, nayo hudumu miaka.

FYUZI

Fyuzi ni mlinzi. Umeme ukizidi kiasi, hukatika yenyewe kabla waya haujaungua. Katika gari za siku hizi fyuzi nyingi ni za plastiki, na rangi yake hueleza nguvu yake: nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, manjano ni 20, isiyo na rangi ni 25, na kijani ni 30.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya nguvu ile ile mara moja tu. Ikikatika tena, usiendelee kubadilisha, na kamwe usitie karatasi ya sigara, msumari wala kipande cha waya badala yake. Afanyaye hivyo amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Magari yameungua kwa sababu hiyo, na mzigo ndani yake.

Fyuzi inayokatika mara kwa mara yaonyesha kwamba kuna shoti, yaani mahali fulani waya umechubuka na kugusa chuma. Kuutafuta, toa glopu zote za njia ile, kisha funga taa yako ya kujaribia mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ingalipo. Sasa shika waya na kuutikisa kidogo kidogo, ukitoka mbele kwenda nyuma. Mahali utakapoutikisa na taa ya kujaribia ikazimika, hapo ndipo penye ubaya. Anza pale waya unapopenya tundu la chuma, maana ile ringi ya mpira huzeeka na kudondoka, kisha chuma huula waya. Tazama pia chini ya sanduku la mizigo, ambapo mawe hupiga na panya hutafuna.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu Land Rover za zamani ni kwamba nyingi hazina fyuzi kwenye waya wa taa kubwa. Mwenye gari kama hilo atafanya vema kumwambia fundi aifunge moja kwa kila upande, ili shoti ikitokea usiku abaki na taa moja badala ya kubaki gizani.

BREKI NA INDIKETA

Taa zote za breki zikifa na fyuzi ni nzima, tazama swichi yake. Katika gari nyingi iko juu ya pedali ya breki, na katika nyingine za zamani imefungwa kwenye bomba la mafuta ya breki. Vuta nyaya mbili za swichi na kuzigusanisha, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa zikiwaka, swichi imekufa, au kama ni ile ya pedali, pengine imesogea tu na yataka kurekebishwa. Taa za breki zisizozimika kamwe ni ubaya wa swichi hiyo hiyo, nazo humaliza betri usiku kucha.

Indiketa ikimweka upesi kuliko kawaida upande mmoja, katika gari nyingi hiyo ni habari kwamba glopu moja ya upande ule imekufa, au ni ya wati zisizofaa. Zikiwaka bila kumweka, au zisipowaka kabisa pande zote mbili, tazama fyuzi na kile kidude kinachozimwesha, ambacho mafundi hukiita flasha. Wanaobadilisha glopu za indiketa na kutia za LED huona zikimweka upesi vile vile, kwa sababu LED hula umeme kidogo na flasha ya zamani hudhani glopu imeungua. Yataka flasha ya namna nyingine.

TAA KUBWA ZENYE MWANGA HAFIFU

Taa moja ikiwa hafifu na mwenzake ni kali, tafuta njia ya kurudi ya ile hafifu, halafu tazama ndani: sahani yake ya kung'aa ikishika kutu, hakuna glopu itakayoisaidia. Zote mbili zikiwa hafifu, pima umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Ikishuka hadi 12.0 imekaribia kwisha. Injini ikizunguka, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.4. Ikivuka 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika, na hicho ndicho kinachounguza glopu zako moja baada ya nyingine.

Kisha pima pale pale kwenye taa, ikiwa inawaka. Tofauti kati ya betri na taa isizidi nusu ya volti. Usidharau upungufu mdogo. Volti zikipungua sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu za kumi. Mwenye gari la dinamo asiogope akiona taa zikififia injini inapozunguka polepole. Hiyo ni tabia ya dinamo.

Tena, taa kali iliyoelekea juu ni adui wa wengine. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka kwenye ukuta, likiwa na mzigo wa kawaida, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua taa za mbele. Washa dimu. Mwanga wake ukatike kama sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa. Kwa kuwa sisi twaendesha kushoto, dimu yapasa ielekee kidogo kushoto. Ukinunua taa zilizotoka nchi wanakoendesha kulia, zitammulika machoni kila unayekutana naye.

RANGI ZA NYAYA

Katika Land Rover na gari nyingine nyingi za Uingereza za miaka ile, rangi za nyaya zina maana. Nyeusi ni njia ya kurudi. Kahawia hutoka kwenye betri. Nyekundu ni ya taa ndogo na za nyuma. Bluu ni ya taa kubwa: yenye mstari mweupe ni ya mwanga mkubwa, yenye mstari mwekundu ni ya dimu. Kijani yenye mstari wa zambarau ni ya breki, yenye mstari mwekundu ni ya indiketa ya kushoto, na yenye mstari mweupe ni ya kulia. Gari za Japani hazifuati mpango huu, na gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi huenda halifuati mpango wowote. Kwa hivyo iamini taa yako ya kujaribia kuliko rangi.

Tena, Land Rover za mwanzo zilifungwa kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha kwenye chesi, kinyume cha gari za siku hizi. Mpango huo ulibadilishwa katika miaka ya 1960. Tazama gari lako kabla ya kufunga betri. Glopu ya kawaida haijali umeme unakotoka, lakini LED iliyofungwa kinyume haiwaki.

TRELA

Wengi hushughulikia taa za gari na kuisahau trela, na huku trela ndiyo iliyo nyuma kabisa na ndiyo inayogongwa. Trela ikifungwa, huziba taa zote za nyuma za gari au trekta. Ni lazima basi iwe na zake.

Ubaya wa taa za trela huanza mara nyingi kwenye plagi, kwa sababu hiyo huburutwa kwenye tope. Isafishe, uipake grisi, na isipotumika ifungwe juu ndani ya mfuko wa plastiki. Usitegemee ndoano ya kuvutia kuwa njia ya kurudi ya umeme, maana ina grisi na kutu na hucheza. Funga waya wake wa peke yake kupitia kwenye plagi. Na hata taa zikiwa nzima, weka nyuma vioo vyekundu vya kurudisha mwanga, pande zote mbili mwisho kabisa. Hivyo havihitaji betri, navyo hufanya kazi siku ambayo kila kitu kingine kimekataa. Visafishe kila unaposafiri. Tope hulipofusha gari.

JIHADHARI

Unapofanya kazi kwenye nyaya, kwanza fungua waya wa betri ulioshikwa na chesi, na huo huo uwe wa mwisho kurudishwa. Vua pete na saa ya chuma. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na betri, kwa kuwa hewa inayotoka ndani yake wakati wa kuchajiwa hulipuka. Maungio ya waya yasokotwe vizuri, yalehemiwe kwa risasi au kubanwa kwa kiungio, kisha yafungwe utepe. Na ukiona waya unaotoa moshi, au gari lenye kompyuta ambalo nyaya zake huzielewi, simama hapo na umwite fundi. Hakuna aibu katika hilo. Hata hivyo, utamweleza umekwisha kupima nini, naye hatakuuzia betri usiyoihitaji.

Taa zikikuzimikia njiani usiku, toa gari barabarani kabisa kama inawezekana, na weka pembetatu zako za kung'aa mbali nyuma na mbele ya gari. Usiweke mawe wala matawi ukayaacha pale. Wengine wameuawa na mawe ya namna hiyo baada ya mwenye gari kuondoka.

KILA JUMAMOSI

Sheria ya Barabarani, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, hutaka gari liwe na taa zinazofanya kazi. Lakini tusizitengeneze kwa kumwogopa askari. Jiwekee siku moja katika juma, tuseme Jumamosi jioni baada ya kukamua. Futa vioo vya taa. Washa moja moja huku mtoto akizunguka na kutaja anachokiona. Watoto hupenda kazi hii na hawadanganyi. Kaza vichwa vya betri. Isipowaka hata moja, itengeneze kabla ya safari nyingine. Kazi yote ni ya muda mfupi kuliko kukamua ng'ombe mmoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mkulima wa Kinangop alikuwa na bahati. Ufa wake ulikuwa bolti moja, naye aliuziba kabla ukuta haujaanguka. Leo Land Rover yake ina taa mbili nyekundu nyuma, na ajaye nyuma yake katika ukungu huona upana wote wa gari. Mwanawe hukaa mbele kando yake, na siku ya Jumamosi yeye ndiye anayezunguka gari na kuhesabu.